KIPANDE KIPYA KIMO MFUKONI MWETU



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo moja ambalo wengi wetu huliona kuwa dogo. Jambo lenyewe ni kivinjari, yaani ile programu tunayoifungua katika simu au kompyuta ili tuingie katika intaneti. Wengi wetu tunatumia Chrome ya kampuni ya Google, wala hatukuichagua. Tulinunua simu tukaikuta imo ndani, kama mtu anunuavyo nyumba akakuta mpangaji ameketi sebuleni. Nasema neno langu mapema nisipoteze wakati wa mtu: yafaa tuiache, na yafaa chama chetu kiwe cha kwanza kuiacha.

TUKUMBUKE KIPANDE

Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushika watu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, ndani ya kikopo cha chuma. Karatasi ile ilionyesha jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, bwana aliyemwandika kazi, mshahara aliopewa, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya kipande mwaka 1921, na Machi 1922 watu walipigwa risasi wakafa hapa Nairobi walipokusanyika kudai afunguliwe. Sheria ile ya kipande haikuondolewa mpaka 1947.

Kwa nini wazee walikichukia kipande? Uzito wa chuma haukuwa kitu. Walikichukia kwa kuwa kilisema habari zao mbele ya bwana, na wao wenyewe hawakuwa na sauti juu ya kilichoandikwa. Bwana mpya alijua mshahara wa bwana wa zamani, basi akajua ampe mtu kiasi gani. Mwenye kujua habari za mwenzake, na mwenzake hajui zake, ndiye atakayeshinda katika mapatano. Kila mjumbe wetu aliyekaa meza moja na mwajiri kujadili mishahara anayajua hayo.

Sisemi ya kwamba Google ni serikali ya kikoloni. Hakuna anayetiwa ndani kwa kukosa Chrome. Lakini kazi ya kuandika habari za mtu asiyeulizwa ni ile ile, na daftari la leo ni kubwa kuliko kikopo chochote. Kipande kiliandika kazi na mshahara tu. Kivinjari kinaandika hofu zetu.

KIVINJARI KINAONA NINI

Fikirini wenyewe. Mtu akipatwa na ugonjwa wa aibu, hamwulizi jirani, anaiuliza simu. Akisikia kwamba watu watapunguzwa kazini, anaandika: je, mwajiri aweza kunifuta bila barua? Mshahara ukiisha tarehe 15, anatafuta mkopo. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo, anatafuta wa kumsaidia. Hayo yote yanapita katika mlango mmoja, na mlango huo ni kivinjari. Haba na haba hujaza kibaba. Swali moja si kitu, lakini maswali ya miaka mitano ni maisha ya mtu mzima yaliyoandikwa na karani asiyelala.

Sasa mwenye mlango huo anaishi kwa biashara gani? Chrome ilitolewa mwaka 2008, na leo ndiyo inayotumiwa kwa karibu theluthi mbili ya kazi ya vivinjari duniani. Kampuni yenye Google ilipata mwaka 2023 mapato ya dola bilioni 307 hivi. Katika hizo, karibu bilioni 238 zilitoka katika matangazo. Zaidi ya robo tatu! Wanaolipa ni wenye matangazo, nao hulipa kwa sababu tangazo linampata mtu anayefaa kulipata. Ili limpate, lazima ajulikane. Hiyo ndiyo sababu mlango ni wa bure.

Ukiandika herufi katika ule mstari wa juu wa Chrome, herufi zinakwenda kwa mtambo wa kutafutia hata kabla hujamaliza, ili ukupe mapendekezo. Ukiwa umeingia kwa akaunti yako na kukubali kuoanisha, kurasa ulizozitembelea huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Mwaka 2018 Chrome ilianza kumwingiza mtu katika kivinjari chenyewe mara tu alipofungua barua zake za Gmail, bila kumwuliza. Watu walipiga kelele, ndipo kampuni ikaweka njia ya kuzima jambo hilo. Angalieni mpangilio wake: kwanza wanafanya, kisha wanangoja kuona kama utapiga kelele.

HABARI YA LEBO

Sisi wa reli tunajua lebo ya mzigo. Karani wa stesheni hubandika lebo juu ya sanduku ili lisipotee, na hakuna ubaya. Tovuti nayo hubandika lebo yake katika kivinjari chako, nayo huitwa kidakuzi, ili ikukumbuke utakaporudi. Lakini wazia mtu mwingine amesimama jukwaani, si karani wala si mwenye mzigo, naye anabandika lebo yake juu ya kila sanduku. Watu wake wako katika kila stesheni kutoka Mombasa mpaka Kisumu, wakiandika: sanduku la fulani limepita hapa saa nne, limeshuka pale saa kumi. Hivyo ndivyo vidakuzi vya watu wa tatu. Unasoma habari za mpira katika tovuti moja, za dawa katika nyingine, za mikopo katika ya tatu, na mtu mmoja usiyemwona ameziandika zote katika ukurasa wako.

Je, lebo hizo haziwezi kuzuiliwa? Zaweza sana. Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji kwa watumiaji wote mwaka 2019 bila mtu kuomba. Safari ya Apple ilifunga vidakuzi vyote vya watu wa tatu Machi 2020. Google nayo iliahidi Januari 2020 kwamba itaviondoa katika muda wa miaka miwili. Miaka miwili ikapita, ahadi ikasogezwa mbele. Ikasogezwa tena. Julai 2024 kampuni ikasema haitaviondoa, na Aprili 2025 ikasema hata lile swali jipya la kumtaka mtu achague haitaliweka. Wenzake waliweza. Aliyeshindwa ni yule anayekula matangazo. Tumeona waajiri wa namna hii: nyongeza inakuja mwakani, na mwakani hauishi kuja.

HALI FICHE HAIFICHI

Ndugu wengi huniambia, “Mimi nafungua hali fiche.” Hali fiche inamficha mtu kwa mkewe au kwa mtoto atakayeishika simu ile ile, kwa maana haiachi orodha ya kurasa ndani ya simu. Haimfichi kwa tovuti anayoingia, wala kwa mwajiri mwenye mtandao wa ofisi, wala kwa kampuni ya simu.

Mwaka 2020 watu katika Marekani waliishtaki Google kwamba iliendelea kukusanya habari zao walipokuwa katika hali hiyo. Walidai dola bilioni 5 kwa uchache. Kesi haikufika mwisho wa hukumu. Pande mbili zilipatana, na masharti yalipelekwa mbele ya mahakama Aprili 2024: kampuni ikakubali kuharibu kumbukumbu nyingi zilizokusanywa, na kueleza wazi zaidi yale inayokusanya. Kundi la washtaki halikulipwa fidia, ila kila mtu aliachiwa njia ya kudai peke yake. Ikiwa kufuli linahitaji kesi ya miaka mitatu na zaidi ili tujue halikufunga, basi tutafute kufuli lingine.

MANENO MATATU YA KUTUFUNGA MDOMO

La kwanza ni hili: “Mimi sina la kuficha. Mficha uchi hazai.” Mithali ni ya kweli, lakini itumieni vizuri. Mama huonyesha uchi kwa mkunga, haonyeshi sokoni. Mtu anamwambia daktari na padre na katibu wa tawi lake, kila mmoja kwa kadiri yake, na yeye mwenyewe ndiye anayechagua. Tena mfanya kazi ana la kuficha kila siku: ni shilingi ngapi zimebaki, ni kazi gani nyingine anaitafuta, na ni siku ngapi aweza kuvumilia bila mshahara. Mwajiri akiijua hiyo ya mwisho, mgomo umeshindwa kabla haujaanza.

La pili: “Lakini ni bure.” Esau naye hakutoa fedha. Alitoa haki ya mzaliwa wa kwanza, akapewa dengu, akala akashiba, akaenda zake. Tena si bure hata kwa fedha. Matangazo na wafuatiliaji hupakuliwa kwa bando lako ulilonunua wewe. Unalipa nauli ya mtu anayekupeleleza.

La tatu: “Sheria ipo.” Ndiyo, ipo, na tuishukuru. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, ya kuziona, ya kukataa, na ya kutaka zisahihishwe au zifutwe. Kamishna wa Data yuko, na Septemba 2023 alitangaza faini ya shilingi 2,975,000 kwa kampuni moja ya mikopo ya simu iliyotumia vibaya majina na namba za watu. Lakini faini huja baada ya mtu kuaibishwa. Gadi hangoji ajali ndipo apunge bendera. Tuishike sheria kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tufunge mlango wetu wenyewe.

NANI ANASHIKA POINTI

Tujue pia nguvu iko wapi. Dereva huendesha, lakini anayeshika pointi ndiye anayeamua gari liende njia ipi. Katika simu, pointi ni kile kinachowekwa tayari kabla hujaifungua. Julai 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, kwa mambo ambayo mojawapo lilikuwa kuwafunga watengeneza simu wauze simu zikiwa na Chrome na mtambo wake wa kutafutia. Mahakama ya Ulaya ilipunguza faini kidogo mwaka 2022, lakini kosa lilibaki kosa. Agosti 2024 jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilishikilia ukiritimba wa kutafuta habari kinyume cha sheria. Mbele yake ilionekana kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa dola bilioni 26.3 ili iwekwe ya kwanza katika simu na vivinjari. Serikali ya Marekani ilitaka Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji alikataa kuamuru hivyo, ila alikataza mikataba ya kujifungia nafasi peke yake. Basi msingoje Washington. Hakuna atakayekuja Makongeni kukubadilishia kivinjari.

Jambo jingine ni upana wa reli. Behewa la reli yetu ya zamani ya mita moja haliwezi kupita katika reli mpya ya milimita 1,435. Anayepanga upana ndiye anayeamua magari gani yatembee. Leo Chrome, Edge ya Microsoft, Opera, Brave na wengine wengi wanatembea juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, na fundi mkuu wake ni Google. Matokeo tumeyaona: kati ya 2024 na 2025 Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, na uBlock Origin, kizuizi cha matangazo kilichopendwa na mamilioni, kikazimwa ndani yake.

TUCHUKUE KIPI BASI

Sitawadanganya kwamba nje ya Google wote ni malaika. Nitawaambia uzuri na ubaya.

FIREFOX. Kinatolewa na Mozilla, ambayo juu yake kuna shirika lisilo la faida. Kilianza 2004, kina msingi wake wenyewe, na kinazuia wafuatiliaji tangu siku unapokiweka. Hata katika simu za Android kinakubali uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya simu haina. Ubaya wake: fedha nyingi za Mozilla hutoka kwa Google hiyo hiyo, ili iwe mtambo wa kwanza wa kutafutia. Tena Februari 2025 Mozilla iliondoa katika maandishi yake ile ahadi ya kutouza habari za watu kamwe, watu wakakasirika, nayo ikarekebisha maneno ya masharti yake. Kwa hiyo tukitumie, lakini macho yawe wazi.

BRAVE. Kilianzishwa na Brendan Eich na Brian Bondy. Kinazuia matangazo na wafuatiliaji bila kuongeza kitu, na aliyezoea Chrome hatapotea. Ubaya: kinatembea juu ya reli ya Chromium, na mwaka 2020 kilikamatwa kikiongeza namba zake za kupatia kamisheni katika anwani walizoandika watu. Mkuu wake aliomba radhi na jambo likaondolewa.

TOR. Hiki ni cha mambo mazito. Ujumbe wako unapitishwa katika mitambo mitatu, kama mfuko wa barua unaobadilishwa gari katika stesheni tatu, na kila stesheni inajua tu ulikotoka hatua moja na uendako hatua moja. Ubaya wake ni mwendo wa pole. Si cha kutazamia mpira. Ni cha siku ile ambayo mtu ana neno la kuuliza na hataki lijulikane ni la nani.

Mwenye iPhone anayo Safari, nayo kwa habari ya vidakuzi ni afadhali. Na yeyote achukuaye Firefox asisahau kubadilisha mtambo wa kutafutia, maana utakuta Google imewekwa kwanza. DuckDuckGo hutafuta bila kuweka daftari la mtu. Nayo ilisutwa mwaka 2022, kwa kuwa kivinjari chake cha simu kiliachia baadhi ya wafuatiliaji wa Microsoft kwa sababu ya mkataba. Ilibadilisha mwaka ule ule. Mnaona ndugu? Hawa wadogo wakisutwa wanageuka, kwa sababu wanakuhitaji. Ndiyo nguvu yetu.

KIVINJARI SI KOTI LA CHUMA

Msikose kuelewa. Kivinjari kizuri hakikufichi ukiingia Facebook kwa jina lako ukaandika yote. Hakikufichi kwa mwenye kompyuta ya kazini, aweza kuwa ameweka programu zake za kuangalia. Wala simu ya Android haiachi kuwa ya Google kwa sababu umeondoa Chrome. Tena haki lazima isemwe: Chrome ni ya haraka, na matundu yake huzibwa upesi. Hatuiachi kwa ubovu. Tunaiacha kwa sababu ya bwana inayemtumikia.

NINALOLITAKA KWA CHAMA

Kwanza, kompyuta zote za ofisi ya chama na za matawi ziwekwe Firefox pamoja na uBlock Origin, na Chrome ikome kuwa kivinjari cha kwanza. Orodha ya wanachama na barua za madai si vitu vya kupitisha katika mlango wa mwenye matangazo.

Pili, kazi ya chama isifanywe kamwe katika kompyuta ya mwajiri wala katika mtandao wake, hata kwa kivinjari gani.

Tatu, kila tawi lichague kijana mmoja anayejua simu. Siku ya mkutano aketi pembeni na kuwasaidia wenzake: kuweka kivinjari, kukifanya cha kwanza katika mipangilio, kubadilisha mtambo wa kutafutia, kuzima Chrome. Ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mmoja. Wazee wasichekwe. Mtu asiyejua huonyeshwa.

Nne, katika mapatano yajayo tuulize kwa maandishi ni habari gani mwajiri anakusanya juu yetu katika kompyuta za kazi, anaziweka kwa muda gani, na nani anazisoma. Sheria ya 2019 inatupa haki ya kuuliza. Tusipouliza, tutakuwa tumekubali.

Kuna watakaosema, mwenye nguvu mpishe, sisi ni wachache mbele ya kampuni kubwa namna hii. Mabwana wa kipande walikuwa wakubwa pia. Mtu mmoja akiacha Chrome, Google haitasikia hata chawa. Wafanya kazi wa reli wote wakiacha, pamoja na wake zao, waume zao na watoto wao, na kisha wa bandari, na walimu, hapo hesabu inaanza kuwa nyingine. Hatukuunda chama kwa sababu tulikuwa na nguvu. Tulipata nguvu kwa sababu tuliunda chama.

Ni mimi ndugu yenu katika umoja,
MFANYA KAZI WA KARAKANA, Nairobi.